Amana ya Mwili

Maradhi hayafanani tabia. Yako yapigayo kelele: jino likiuma mtoto hulia, na homa ikipanda nyumba nzima hukesha. Yako na mengine yanyamazayo, ambayo hukaa mwilini kama mpangaji mpole asiyegombana na mtu, kumbe kila usiku anachomoa tofali moja katika msingi wa nyumba. Nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya ugonjwa mmoja wa namna hii ya pili, na juu ya swali ambalo ugonjwa huo humwuliza kila kijana aliye nao na kila mzazi amleaye. Swali lenyewe ni hili: mwili wa mtoto hutoka lini mikononi mwa wamtunzao ukawa wake mwenyewe, na njia ya haki ya kumkabidhi ni ipi?

Ugonjwa ninaousema ni wingi wa kolesteroli wa kurithi. Kolesteroli ni namna ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake, kwa kuwa hutumika katika kujenga kuta za seli zote. Lakini ikizidi katika damu, hasa ile iitwayo LDL, hujibandika ndani ya mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni, njia ikawa nyembamba kama ya bomba la maji lililoota kutu. Kazi ya kuiondoa LDL katika damu ni ya ini. Juu ya seli za ini kuna vipokezi, tuviite milango, ambavyo huikamata LDL ipitapo na kuiingiza ndani. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliigundua milango hiyo katika mji wa Dallas katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Walionyesha kwamba wako watu wazaliwao na upungufu wa milango hiyo. Aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja ana karibu nusu tu ya milango itakiwayo. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, naye ni nadra sana, aweza kushikwa na ugonjwa wa moyo kabla hajaumaliza utoto wake. Mzazi mmoja mwenye kasoro humpa kila mtoto wake nafasi sawa ya kuirithi na ya kutoirithi, kama sarafu irushwayo juu.

Katika nchi ambazo watu wengi wamepimwa, imeonekana kwamba mtu mmoja katika kila 300 hivi ana urithi huu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Kama kadiri hiyo ni sawa kwetu, basi kuanzia Naivasha mpaka Molo, na kuanzia Gilgil mpaka Subukia, wako watu kama 7,000 walio nao, na shule ya wanafunzi 900 ina watatu. Huenda mmoja wao ameketi nawe dawati moja. Hutamjua kwa kumtazama. Hapa petu katika Bonde la Ufa tumezoea kuipima afya kwa macho: mtu mwembamba, mwepesi wa mbio, apandaye Menengai bila kutweta, twasema huyo ni mzima. Naye aweza kuwa mzima kweli. Tena aweza kuwa na LDL maradufu ya ile impasayo. Mbio ni jambo jema kwa moyo, lakini hazimwongezei mtu milango ambayo hakuzaliwa nayo.

Wala chungu cha mama si cha kulaumiwa. A. G. Shaper, daktari aliyefanya kazi Makerere, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1959 kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu hauonekani kabisa kwa Waafrika wa Uganda, hali uliwasumbua sana Waasia wa nchi ile ile. Katika miaka ya 1960 aliandika pia habari za Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa mengi yenye mafuta, na ambao kolesteroli yao ilikutwa iko chini. Mtu asomaye habari kama hizi kwa haraka aweza kuamini kwamba jambo hili halituhusu. Lakini jamii nzima yaweza kuwa na kolesteroli ndogo na ndani yake wakawamo wachache waliozaliwa na nyingi. Wastani wa kundi hausemi habari za kila kondoo. Na tangu siku hizo maisha yamegeuka. Chipsi za mjini Nakuru si maziwa ya Samburu.

Dawa iko. Mjapani Akira Endo aliitafuta katika kuvu, na mwaka 1973 akapata kitu kiuzuiacho mwili kutengeneza kolesteroli. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, ambayo huitwa statini, ilianza kuuzwa mwaka 1987, na tangu mwaka 2007 statini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Watoto wenye urithi huu aghalabu huanza kuimeza wafikapo miaka minane au kumi. Faida yake si ya kubahatisha. Madaktari wa Amsterdam waliwafuata kwa miaka ishirini watoto 214 walioanzishiwa statini, wakatoa habari zao mwaka 2019. Kufika umri wa miaka 39, mmoja tu katika kila mia wa watoto hao alikuwa amepatwa na mshtuko wa moyo au maradhi mengine ya mishipa. Katika wazazi wao wenye kasoro ile ile, ambao wengi wao dawa hii haikuwako walipokuwa vijana, walikuwa 26 katika kila mia kwa umri huo huo. Soma tena tarakimu hizo. Damu ni moja, kasoro ni moja. Kilichowatenga watoto na wazazi wao ni kidonge kimezwacho kila siku tangu utotoni.

Neno zito hapo ni "kila siku". Kidonge hiki hakiiondoi kasoro. Huipunguza kolesteroli kwa muda ule tu ambao mtu anakimeza. Na akikiacha, haumwi. Mgonjwa wa pumu akiiacha dawa yake, kifua humkumbusha kabla ya jogoo kuwika. Huyu wetu hakumbushwi na kitu. Hula, hucheka, hucheza mpira, hufaulu mtihani, na mwaka hupita, na mwingine. Wanaume wasiotibiwa, karibu nusu yao hushikwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 50, na kikumbusho chao cha kwanza chaweza kuwa ndicho cha mwisho.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika jamii za wafugaji wa bonde hili ilikuwa desturi mtu kuweka ng'ombe wake kwa rafiki akae mbali. Aliyewekewa aliwachunga, akanywa maziwa yao, akawakinga na chui na ukame. Lakini ng'ombe walibaki wa mwenyewe, ni amana. Na siku ya kuwarudisha, mwenye kuwekewa hakufungua ua tu akawaswaga njiani. Alikuja na hesabu: huyu alizaa ndama wawili, yule alikufa mwaka wa njaa, huyu mwekundu ana tabia ya kuruka ua, mwangalie. Mtu aliyerudisha ng'ombe bila hesabu hakusifiwa kuwa mwaminifu hata kama hakupotea hata mmoja. Nami naona kwamba mwili wa mtoto ni amana ya namna hiyo mikononi mwa wazazi na madaktari. Si mali yao. Wamewekewa mpaka mwenyewe aweze kuupokea.

Mfikirie kijana mmoja wa Njoro. Si mtu ninayemjua. Nimemuumba kwa ajili ya hoja yetu. Aligunduliwa akiwa na miaka tisa, baada ya baba yake kuanguka shambani akiwa na miaka arobaini na mmoja na kufa siku ile ile. Tangu hapo mama ndiye aliyeshika kila kitu. Kitabu cha kliniki kimo kabatini mwake, kimefungwa katika kitambaa kimoja na hati ya shamba. Siku ya kliniki mama ndiye asemaye na daktari, na kijana hukaa kando akihesabu vigae vya sakafu. Hajui jina la dawa yake. Aijua rangi yake. Hajui LDL yake ilikuwa ngapi mwaka ule wa kwanza wala ni ngapi leo. Hajui vizuri baba yake alikufa kwa nini, kwa kuwa nyumbani habari hiyo haitajwi. Ajua tu kwamba mama hukasirika akisahau kidonge. Kwa miaka tisa hakusahau mara nyingi. Ni mtoto mtiifu.

Sasa ametimiza miaka kumi na minane. Ana kitambulisho mfukoni, na barua ya chuo kilicho mji mwingine. Mama yake amsindikiza mpaka kituo cha matatu, ampa pakiti tatu za vidonge na kumwambia kwa machozi: "Sasa wewe ni mtu mzima, mwanangu. Jitunze." Nauliza, je, huyu amekabidhiwa? Amefunguliwa ua, akaswagwa njiani. Kwa dhana yangu pakiti ya tatu ikiisha hataitafuta ya nne, wala si kwa ukaidi. Hana analolitafutia.

Nchi yetu ina siku nyingi za kumwita mtu mzima, nazo hazipatani. Katiba ya mwaka 2010 yasema ni miaka kumi na minane. Hospitali nyingi za umma haziingoji hata hiyo: mtoto hutoka katika wadi ya watoto apatapo miaka kumi na mitatu hivi, na kijana ambaye sauti yake haijavunjika vizuri hujikuta amelazwa kati ya wazee wakohoao usiku kucha, mbele ya daktari ambaye hajamwona maishani. Na desturi nayo ina siku yake. Mvulana wa Kikuyu au wa Kalenjin huingia jandoni mwezi wa Novemba au wa Desemba, aghalabu karibu na wakati wa kuingia sekondari, na atokapo huitwa mwanamume.

Katika milango hiyo mitatu, uliojengwa kwa akili zaidi, kwa hoja yetu, ni wa jando. Kitambulisho hakimfundishi mtu neno lolote, na wadi ya wakubwa haifundishi; humpokea tu. Lakini jandoni hakuna avukaye peke yake. Kijana hukaa na waliomtangulia, akaambiwa kwa mdomo mambo yampasayo mtu mzima, akaulizwa, akakosea, akaambiwa tena. Sisemi kwamba kila kifundishwacho huko ni chema. Mengine yafaa yaachwe huko huko. Wala siwasahau wasichana: ukeketaji wao umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 2011, na umekatazwa kwa haki, lakini haja ya kufundishwa haikukatazwa. Nasema hivi tu, kwamba wazee wetu walijua kuwa utu uzima ni jambo la kufundishwa kabla ya kupewa, na sisi wenye hospitali na tarakimu tumelisahau. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika ugonjwa huu ulimwengu hufunza kwa mshtuko wa moyo.

Labda utasema: kwa nini taabu yote hii? Kijana na atii tu. Atii alipokuwa na miaka tisa, atii akiwa na ishirini, naye ataishi.

Hoja hiyo ina nguvu kuliko ionekanavyo, maana utii umewaokoa watoto wengi. Lakini utii una kasoro moja ya maumbile: wamhitaji mwenye kuamuru awe karibu. Mwanafunzi anyamazaye darasani kwa sababu mwalimu yuko mlangoni hupiga kelele mwalimu apitapo. Miaka yangu ya ualimu imenionyesha hivyo zaidi ya nilivyotaka. Mwanafunzi anyamazaye kwa sababu ataka kusoma hunyamaza hata mwalimu akiwa Mombasa. Kitendo ni kile kile, ukimya ni ule ule, lakini mmoja ni wa mwalimu na mwingine ni wa mwanafunzi. Kidonge nacho ndivyo kilivyo. Miaka tisa kijana wetu alikimeza kidonge cha mama yake. Chake mwenyewe hajapata kukimeza hata kimoja.

Usimhukumu mama huyo upesi. Alimzika mume, na kila asubuhi amwonapo mwanawe ayaona mabega ya baba yake. Asiyemwambia mtoto habari za kifo hicho hakumchukia. Ataka awe na utoto usio na kivuli. Na asiyemwachia dawa mkononi ameona jinsi vijana wanavyosahau hata viatu. Hofu yake ina sababu. Hata hivyo, hofu ile ile imlindayo mtoto wa miaka tisa humdhuru wa miaka kumi na saba, kwa kuwa humwacha bila zoezi. Wako wazazi wa upande wa pili pia, wachokao mapema na kumtupia mtoto wa miaka kumi na mbili mzigo wote, wakauita huo malezi ya kujitegemea. Hao nao hawakukabidhi. Walitua mzigo.

Kukabidhi kwa haki huenda polepole, kama maziwa yamiminwavyo kutoka kibuyu hadi kibuyu. Mtoto wa miaka kumi aweza kujua jina la dawa yake na kulitamka. Mwenye kumi na miwili aweza kuambiwa baba alikufa kwa nini, kwa maneno machache ya kweli, akaachwa aulize. Mwenye kumi na minne aweza kuingia kwa daktari peke yake kwa nusu ya kwanza ya mazungumzo, na mama akaitwa baadaye. Na daktari aliye mwungwana hutazama uso wa kijana asemapo, si wa mama. Mwenye kumi na sita aweza kwenda mwenyewe kuchukua dawa, akajua bei yake, akajua la kufanya ikikosekana duka la kwanza. Kijana apitaye njia hiyo, siku ya kitambulisho si siku ya kitu kipya. Na aendapo kwa daktari wa wakubwa, aende na barua ya yule wa kwanza: ugonjwa ni huu, uligunduliwa mwaka fulani, tarakimu za kwanza na za sasa ni hizi, dawa na kipimo chake, waliougua au kufa katika ukoo. Hiyo ndiyo hesabu ya ng'ombe. Kijana aisome kabla ya bahasha kufungwa.

Nimefika sasa kwenye sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Kama mwili ni wake kweli, je, anaweza kuukataa utunzaji? Mtu wa miaka kumi na tisa aliyefundishwa yote, ajuaye jina la dawa na maana ya tarakimu, akisema, "Nimechoka kuwa mgonjwa nisiyeumwa, nakiacha," nani atamshurutisha? Hapana. Sheria haimshurutishi, wala sidhani ifaa imshurutishe. Mtu asiyeweza kukataa hakukabidhiwa kitu, ameazimwa tu.

Lakini nataka atazame vizuri ni nani anayemfanyia uamuzi huo. Kijana wa miaka kumi na tisa aachaye kidonge hatapata madhara akiwa na miaka kumi na tisa. Atakayeyapata ni mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye mke labda, na watoto wawili shuleni, na shamba lililopandwa nusu. Mtu huyo bado hajaja. Hawezi kuja leo akasimama mlangoni akasema, "Tafadhali, usiniuze." Hana sauti, kama vile mtoto wa miaka tisa alivyokuwa hana sauti. Basi kijana, siku ile ile aipokeapo amana yake kwa mama, anakuwa mwenye kuwekewa yeye mwenyewe. Mwili anaoushika ni wa mtu mwingine ajaye, ambaye atakuwa na jina lake na kovu lake la goti. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi nisione njia ya kulikwepa: uhuru wa kijana ni wa kweli, lakini hauko peke yake nyumbani.

Najua kwamba adui wa kidonge mara nyingi si falsafa bali bweni. Mwanafunzi amezapo dawa kila usiku huonwa, na bwenini vijana hukisia, na wakikisia hukimbilia virusi vya UKIMWI. Wako wafichao pakiti ndani ya soksi na wako waachao kumeza muhula mzima ili wasiulizwe. Hapa tuna la kujifunza kwa wale wale wanaonong'onwa. Maelfu ya vijana wa Kenya waliozaliwa na virusi hivyo wamekua wakawa watu wazima kwa sababu ya dawa, na kliniki zetu zimelazimika kujifunza jinsi ya kuwavusha kutoka utotoni. Mpango mmoja ulioanzia Kenya, uitwao Operation Triple Zero, huwataka vijana wenyewe kushika sifuri tatu: wasikose siku ya kliniki hata moja, wasikose dawa hata moja, na virusi visionekane katika kipimo. Angalia kwamba kijana hapewi amri ya kumeza tu. Hupewa tarakimu yake, aijue, aitafute, ajivunie. Hukutana na wenzake wenye safari moja. Sioni kwa nini mwenye kolesteroli ya kurithi asipewe heshima ile ile, wala kwa nini metroni wa shule asimwekee dawa yake mahali pa siri bila kumwuliza maswali mbele ya foleni.

Kwa msichana kuna jambo la ziada. Statini aghalabu husimamishwa mwanamke atakapo kushika mimba na wakati wa mimba, kwa hiyo yampasa azungumze na daktari mapema. Msichana ambaye kila mara huingia chumba cha daktari na baba yake, ataulizaje? Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutachukuliwa kuwa adabu. Mlango ufungwe, basi, baba akae nje kidogo. Si kumvunjia baba heshima. Ni kumpa binti nafasi ya kusema jambo ambalo baba mwenyewe asingependa kulisikia.

Limebaki suala la ukoo. Kijana aliyefahamu urithi wake aweza kumkasirikia aliyemrithisha, na hasira hiyo haina pa kwenda, kwa maana baba hakuchagua alichokitoa zaidi ya mwana alivyochagua alichokipokea. Lipo tofauti moja tu. Urithi wa damu hupita bila hiari ya mtu. Ujuzi wa urithi huo haupiti mpaka mtu aupitishe. Baba aliyekufa bila kujua hana deni. Ajuaye akanyamaza analo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu chaweza kumuumbua ndugu yake.

Je, kijana anayo haki ya kuificha hali yake? Kwa majirani anayo, na kwa wanafunzi wenzake, na kwa mwalimu wake pia. Kwa mchumba atakayezaa naye, naona hana. Na kwa ndugu zake, na kwa wana wa shangazi na baba wadogo wa upande uleule wa baba, siri yake si yake pekee, kwa kuwa huenda mmoja wao anatembea na LDL iliyofika 5 na hakuna aliyempima. Madaktari wanapompata mwenye urithi huu hutaka kuwapima wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, lakini daktari hawajui. Awajuaye ni kijana. Jamaa wakutanapo nyumbani mwezi wa Desemba, aweza kuwaambia baada ya chakula, bila hotuba: "Mimi nina kolesteroli ya kurithi, na yaonekana baba alikuwa nayo. Nendeni mkapimwe, na watoto wenu pia." Wengine watacheka, na mmoja atasema kwamba haya ni mambo ya wazungu. Kipimo chenyewe ni damu kidogo ya mkononi.